Alama ya Tatu

 Ndugu msomaji, leo nataka kukuhadithia habari niliyokaa nayo moyoni takriban miaka arubaini. Si habari ya kujisifu. Lau ingekuwa ya kujisifu ningalikwisha kuisema zamani, kwani mwanadamu hachelewi kusema lenye kumpamba.

Sababu ya kuitoa sasa ni mjukuu wangu anayesoma Nairobi. Alikuja kutuzuru wakati wa likizo, na jioni moja tukiwa barazani akanionyesha katika simu yake picha za vijana waliopanda mashua ya mpira, wamevaa kofia ngumu na majaketi ya kuelea, wanapiga makafi katikati ya maji yanayotoa povu baina ya mawe. Mahali penyewe ni Sagana, katika Mto Tana, yapata kilomita mia moja kaskazini ya Nairobi. Alikwenda mwezi wa Februari na wenzake wa chuoni, na anataka kurudi mwezi wa Mei, safari hii amchukue na mdogo wake wa miaka kumi na miwili.

"Usiwe na wasiwasi, Babu," akaniambia. "Ule ni mto wa wanaoanza. Hata mtoto anauweza."

Nilinyamaza kitambo. Bibi yake akadhani nimekasirika. Sikukasirika. Mwili wangu ulikuwa pale barazani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha fika Mpanda, nimesimama ukingoni mwa mto mwingine, nimemshika mkono mtoto mwingine.

Mimi ni mtu wa Pangani. Mtoto wa Pangani huzaliwa baina ya mto na bahari. Nilipokuwa mdogo nilijua kupiga kafi kabla sijamaliza juzuu ya kwanza, na kuvuka kwenda Bweni lilikuwa jambo la mchezo. Nilijua bamvua na maji mafu, nilijua siku gani maji yatajaa hadi wapi, na saa gani yatakupwa. Sisi watu wa pwani tumezoea maji yenye miadi. Ukijua mwezi una siku ngapi, umeijua bahari itafanya nini kesho. Kwa hiyo nilipoondoka kwetu nilijihesabu kuwa mtu anayeyajua maji.

Mwaka 1985, nikiwa na miaka ishirini na mitano, masheikh wangu walinituma Mpanda nikasomeshe. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kwani Mkoa wa Katavi haukuanzishwa mpaka mwaka 2012. Nilikwenda kwa gari moshi, Tabora hata Kaliua, na kutoka hapo nikashika ile njia ya reli inayokwenda kusini. Njia ile ilijengwa zama za mkoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi, na inavuka Mto Ugalla katikati ya pori la miyombo. Nilipochungulia dirishani nikaona maji mapana yaliyotulia, na mitumbwi imelala ukingoni, nikasema moyoni, "Alhamdulillahi, huku nako kuna maji. Sitakuwa mgeni."

Nilipangiwa kijiji kimoja upande wa vilimani, mbali kidogo na mji. Sitakitaja jina, kwa sababu watu ninaowazungumza wana jamaa zao huko. Pale palikuwa na mto mdogo unaoshuka kutoka vilimani na kwenda kuingia Katuma. Katuma ndio mto mkubwa wa nchi ile. Huteremka kupita mbuga ya Katavi, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1974, ukapita ziwa Katavi na ziwa Chada, ambayo ni maziwa kwa miezi ya mvua na nyika kwa miezi ya jua, na kutoka hapo maji yake huendelea kwa jina la Kavuu hata Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea.

Ukitaka kufahamu mto wa huko, fahamu kwanza mvua yake. Sisi pwani tuna vuli na masika. Kule mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, kisha ni jua tupu. Mwisho wa kiangazi Katuma hukatika vipande vipande ukabaki madimbwi, na viboko kwa mamia husongamana katika tope kama watu waliokosa nafasi msikitini siku ya Idi. Miaka ya karibuni hali hiyo imezidi, kwani maji mengi huzuiwa juu kwa mashamba ya mpunga kabla hayajafika mbugani. Basi aliyeuona Katuma mwezi wa Oktoba hatasadiki akiambiwa kuwa mwezi wa Machi mahali pale pale hapaonekani ukingo wa pili.

Huo mto wetu mdogo ulikuwa na tabia hiyo hiyo, tena zaidi, maana ulikuwa karibu na vilima. Mamba na viboko walikuwa chini zaidi, mbugani. Kwetu palikuwa na mawe na maji ya kuteremka, na mtumbwi mmoja wa mti uliochongwa. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa Kibende, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akivusha watu na magunia ya mahindi na mitungi ya asali kwa senti kidogo. Watoto wa madrasa yangu, baadhi yao walitoka ng'ambo, naye akawavusha bure.

Nilimwomba anifundishe kafi la huko. Alinitazama, akacheka, akaniambia, "Maalim, wewe unajua kafi. Hujui mto."

Akanipeleka kwanza kwenye mti. Ulikuwa mkuyu mkubwa wenye mizizi inayoingia majini, na juu ya mzizi mmoja mnene zilikuwapo alama tatu za shoka, moja juu ya nyingine. Alisema zilipigwa na baba yake. Maji yakiwa chini ya alama ya kwanza, mtumbwi hukwaruza mawe. Shuka uusukume kwa mkono. Yakiwa baina ya kwanza na ya pili, hata mtoto apige kafi. Yakiwa baina ya pili na ya tatu, ni ya wazee, tena kwa mzigo mwepesi. Yakiifunika ya tatu, hakuna mtumbwi. Utazunguka kwa miguu mpaka darajani, mwendo wa nusu siku, au utalala hapo ulipo.

"Basi mto huu ni rahisi au ni mgumu?" nikamwuliza.

Akajibu, "Mto upi? Hapa ipo minne."

Ndugu msomaji, niliyaona maneno yale kuwa maneno ya kizee. Lakini alinifundisha kweli, na nilijifunza. Kiangazi nilijua kila jiwe kwa sura yake. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yakapanda kidogo, ndipo nilipoona raha ya mto. Yale mawe yaliyokuwa yanakwaruza yalifunikwa, na baina yake zikatokea njia laini. Mzee akanionyesha kuzisoma. Alisema: ukiwa unateremka, utaona juu ya maji maumbo kama ncha ya mshale. Mshale unaokuelekea wewe una jiwe kichwani pake, jiepushe. Mshale unaokukimbia, unaoelekeza ncha yake chini ya mto, huo ndio mlango. Pita katikati yake. Na nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yaliyotulia, yanayorudi kinyumenyume. Hapo ndipo pa kupumzika na kutazama mbele kabla hujaendelea.

Akanifundisha na jambo lililo kinyume cha maumbile. Ukitoka katika maji yaliyotulia ukaingia mkondoni, maji hukamata ubavu wa chombo ulio upande wa juu. Moyo wako utakuambia ulalie upande huo huo ili uyapinge. Ukifanya hivyo mkondo utapanda juu ya ubavu na kukupindua. Lalia upande maji yanakokwenda. Na ukitaka kuvuka, usielekeze pua ya mtumbwi ng'ambo moja kwa moja. Ielekeze juu ya mto, kwa mshazari, mkondo wenyewe utakusukuma hadi ng'ambo.

Kufika mwezi wa Januari nilikuwa nikivuka peke yangu na watu wakinitazama. Watoto wakasema, "Maalim anaweza." Nami nikasadiki.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwanzoni mwa Aprili 1986 ulikuwa mwezi wa Rajabu, na tulialikwa kijiji cha ng'ambo kusoma Miraji. Nilikuwa nimechagua wanafunzi, wakatangulia jana yake na mzee mmoja. Nilibaki na mmoja tu, mtoto wa miaka kumi na moja, ambaye mama yake alikuwa mjane. Mtoto yule alikuwa na mkono wa hati. Katika miaka yangu yote ya kusomesha, sijaona mtoto aliyeandika alifu ikasimama kama alifu yake. Nilimbakisha anisaidie kubeba vitabu.

Usiku ule hapakunyesha kwetu hata tone. Asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe. Tulipofika mtoni nikakuta maji yamekuwa mekundu ya udongo, na katikati yanapita majani na vijiti na povu. Mtu ajuaye mto angaliitambua dalili hiyo: taka zikianza kupita, huenda maji bado yanapanda. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani. Lakini jambo lililonidanganya zaidi lilikuwa kimya chake. Siku zote mto ule ulipiga kelele kwenye mawe, na siku ile haukuwa na kelele, kwa kuwa mawe yote yalikuwa chini kabisa. Uso wa maji ulikuwa laini kama kanzu iliyopigwa pasi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nikiisomesha methali ile darasani.

Mzee hakuwapo, alikuwa shambani. Mtumbwi ulikuwa umefungwa juu, mbali na maji. Niliufungua. Na kabla ya kuufungua, ndugu msomaji, niliutazama mti. Nakuomba uishike hapa habari hii. Niliutazama ule mkuyu, nikautafuta ule mzizi, na alama ya tatu haikuonekana.

Nikajiambia kuwa labda zimefunikwa kidogo tu. Nikajiambia watu wananingoja, na haipendezi maalim kuchelewa. Nikajiambia ninakwenda kwenye jambo la kheri, na anayekwenda kwenye kheri Mungu humlinda. Hili la tatu ndilo baya kuliko yote, kwani nililivika kiburi changu kilemba cha ibada.

Nikamweka mtoto mbele na mkoba wa vitabu, nikasukuma. Maji ya ukingoni yalikuwa yametulia. Tulipotoka hapo pua ikaingia mkondoni, ikageuzwa kwa nguvu ambayo sikupata kuiona. Nami, badala ya kufanya nilivyofundishwa, nikalalia juu. Mtumbwi ukapinduka kabla sijatamka neno.

Chini ya pale ulikuwapo mti ulioanguka, matawi yake yamezama. Kwenye maji madogo tulikuwa tukipita mbali nao. Siku ile mkondo wote ulielekea kwake. Mimi nilitupwa kwenye mizizi ya ukingo nikang'ang'ania. Mtoto alichukuliwa mpaka kwenye yale matawi, na maji yakambana hapo, yanapita yeye asipite. Nilipiga ukelele. Sikuweza kumfikia. Aliyemfikia ni mzee wa mtumbwi, aliyesikia ukelele akaja mbio na mpwa wake. Alitambaa juu ya shina la ule mti, akamkamata mtoto kanzuni, akamvuta. Mtoto alikuwa amekunywa maji, na mkono wake wa kulia umevunjika juu ya kiwiko, ulikuwa umenaswa baina ya matawi. Mtumbwi ulipasuka kwenye mawe. Vitabu hatukuviona tena.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini ule mkono ulifungwa kijijini kabla hajapelekwa mjini, ukaunga vibaya. Haukunyooka tena. Alifu zake hazikusimama tena.

Watu walipokusanyika waliniuliza imekuwaje. Nikasema, "Ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Maji yalikuja ghafla, na kwa ukungu sikuuona mti." Ukungu haukuwapo. Watu wakatikisa vichwa, wakasema hewala, kudura haina kinga. Mama yake yule mtoto alinijia usiku, akanishika mikono, akalia, akanishukuru kwa kuwa nilikuwa pamoja na mwanawe. Kesho yake aliniletea chakula. Nilikila, ndugu msomaji. Sijapata kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Mzee wa mtumbwi hakusema lolote mbele za watu. Baada ya siku tatu nilikwenda kwake kumwomba radhi kwa chombo chake. Alikuwa ameketi anachonga mpini wa jembe. Akaniambia, "Maalim, mtumbwi ni mti, na miti ipo. Lakini mto haukukuficha kitu. Ulikuambia kila kitu, na kwa maandishi." Hakuongeza neno. Nilimlipa mtumbwi wake kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima, nikafikiri nimelipa deni. Kumbe nililipa mti tu.

Sasa natoka katika hadithi nikueleze nilichokuja kukifahamu baadaye, maana nina wanafunzi na wajukuu, na huenda nawe unao.

Maji yanayokwenda yana uzito ambao jicho halioni. Mita moja ya maji kwa urefu, upana na kina ina uzito wa kilo elfu moja. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana alama moja ya shoka juu ya mzizi, isiyozidi upana wa kiganja, inaweza kutenganisha mchezo na msiba. Mtoto anayesimama salama katika maji ya leo anaweza kuangushwa na maji ya kesho pale pale.

Kadhalika ujue kuwa maji machache nayo yana hatari yake. Mawe yakiwa wazi, anayeanguka akataka kusimama huweza kunasa mguu baina ya mawe mawili, na mkondo ukamlaza kifudifudi. Kwa hiyo wajuzi wa mambo haya husema: ukianguka penye mkondo, usisimame mpaka maji yawe chini ya magoti. Lala chali, nyayo zielekee maji yanakokwenda, uvisukume vikwazo kwa miguu, kisha ogelea kuelekea maji yaliyotulia. Na ukiona mti umelala majini, huo uuogope kuliko jiwe. Jiwe hukusukuma pembeni, mti hukukamata.

Watu wa mchezo huo ulimwenguni wameyapanga maji makali kwa madaraja sita, la kwanza likiwa la maji mepesi kabisa na la sita la maji yasiyopitika ila kwa kuhatarisha roho. Lakini wao wenyewe husema kuwa daraja si la mto, ni la mto kwa kiasi fulani cha maji. Mto ulioandikwa daraja la pili mwezi wa jua waweza kuwa la nne mwezi wa mvua. Hayo ndiyo aliyoniambia mzee wa Kibende asiyejua kusoma: hapa ipo minne.

Basi pale barazani nikamwambia mjukuu wangu, "Baba, sikukatazi mto. Mchezo wa kupiga kafi ni mchezo mzuri, unafundisha mtu kutazama mbele na kufanya kazi na wenzake. Lakini hakuna mto wa wanaoanza. Yapo maji ya wanaoanza. Wewe uliingia Sagana mwezi wa Februari, wakati wa jua. Mwezi wa Mei ni mwisho wa masika, na maji ya Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, huko ambako wewe ukisimama Sagana huoni kama kunanyesha. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya mia mbili nchini Kenya. Mto utakaourudia si ule uliouacha."

Nikamwagiza mambo manne. Kwanza, usiulize kama mto ni mwepesi; uliza maji ya leo yako wapi, na nani ameyapima, na jana yalikuwa wapi. Pili, jaketi la kuelea livaliwe na kufungwa tangu ukingoni, hata na anayejua kuogelea, na kofia vilevile. Tatu, usiingie bila mtu anayeujua mto ule kwa kiasi kile cha maji, maana kuujua kwa maji mengine si kuujua. Nne, kabla ya kuingia muulize mdogo wako anaona nini, kisha umsikilize.

Hili la nne lilimshangaza. "Yeye ni mtoto, Babu. Atajua nini?"

Nikamhadithia nililokuja kukuhadithia na wewe.

Mama wa yule mwanafunzi wangu alifariki mwaka 2009. Nilipata habari nikiwa Tanga. Alikufa akiniombea dua, na mimi sikupata kumwambia. Mambo mengine husemi leo, ukadhani kesho ipo, na kesho ni ya mwingine. Habari ile ilinikaa kama mwiba, hata miaka michache iliyopita nikafunga safari ya kwenda Mpanda. Nilimkuta mwanafunzi wangu ni mtu mzima mwenye wajukuu, ana mizinga ya nyuki na shamba la mpunga. Alinipokea kwa heshima kubwa, akanishika mkono kwa ule mkono wake uliopinda, akanitandikia mkeka.

Baada ya chakula nikamwambia wanawe watupishe. Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile hapakuwa na ukungu. Niliutazama mti. Alama ya tatu ilikuwa imefunikwa, nami niliiona kuwa imefunikwa, nikakuingiza majini. Kisha nikamsingizia Mwenyezi Mungu."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Maalim, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Mti niliuona na mimi. Nikaona na wewe unautazama."

Nikashindwa kusema. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Nilidhani Maalim anajua jambo ambalo mimi silijui."

Ndugu msomaji, miaka yote ile nilidhani nimeficha siri, kumbe mtoto alikuwa akinisitiri. Alijua tangu siku ile, hakumwambia mama yake, hakumwambia mtu, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe. Adabu ile ile ndiyo iliyomziba mdomo pale ukingoni. Alinisamehe, Mungu amlipe kheri. Alisema alikwisha kunisamehe zamani, akabaki akingoja nije. Kumwomba radhi mama yake sikuweza tena. Ninamwombea.

Sisemi kuwa kudura haipo. Nami ni mtu wa kuisomesha. Ninachosema ni kwamba kudura si kapu la kutupia uzembe wetu. Nyote mnaijua habari ya yule bedui na ngamia wake, kwamba kumtegemea Mungu huanza baada ya kufunga kamba. Sisi watu wa pwani tumeomboleza sana majini. Tuliomboleza mwaka 1996 ilipozama MV Bukoba katika Ziwa Victoria, tukaomboleza tena Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander karibu na Nungwi, na vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakiwa watu kupita kiasi. Katika kila msiba kama huo yuko mtu aliyeiona alama ya tatu imefunikwa, akajiambia maneno kama yale niliyojiambia mimi. Na walikuwapo wengine nyuma yake walioiona pia, wakanyamaza, wakidhani mkubwa anajua zaidi.

Kwa hiyo nina maneno mawili, kisha nitakuaga. Wewe uliye mkubwa, baba au mama au mwalimu au nahodha, ujue kuwa wadogo wanakutazama ukiutazama mti. Waambie kwa kinywa chako kuwa wana ruhusa ya kusema, kwa sababu adabu waliyo nayo haitawaruhusu bila ya wewe kuwaruhusu. Na wewe uliye mdogo, ujue kuwa kumwambia mkubwa kwa upole, "Maalim, alama haionekani," si utovu wa adabu. Huenda ndiyo amana yako kwake.

Mjukuu wangu alirudi Nairobi. Mwezi wa Mei alinipigia simu kutoka Sagana, nikasikia nyuma yake uvumi wa maji. Akasema, "Shikamoo, Babu. Tumeuliza. Maji ya leo si yetu. Tumekaa ukingoni tunakula mahindi."

Nikamwambia, "Marahaba, baba. Na mdogo wako anasemaje?"

Akasema, "Yeye ndiye aliyeyaona kwanza."

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona, na ndimi za kusema tulichokiona kabla mtumbwi haujasukumwa. Amin. Wabillahi tawfiki.